Sanduku Lililovuta Uunsi

"Ng'ombe mweusi wa Masalani amekataa dume!" Arbia alifoka, kidole chake kimesimama mbele ya pua ya mwanawe kama sindano ya daktari. "Mwezi mzima sasa! Anamwangalia dume, anageuka, anaenda kulala. Na sababu unaijua."

"Hooyo, mama yangu, mimi nimemfanya nini ng'ombe?"

"Hilo jeneza lako! Tangu lianze kunguruma hapa uani mnyama amepoteza hamu ya dunia. Buli la chai linatembea lenyewe juu ya meza kama askari wa zamu. Jino langu la nyuma, lile moja nililokuwa nimebaki nalo la kutafunia nyama, limelegea. Kuku wa jirani yetu Kulow wanataga mayai hayana ganda. Umenizeesha, Gelle. Nilikuwa msichana mpaka ukanunua hiyo spika."

Gelle alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku la mbao, msasa mkononi, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye kope. Akajibu bila kuinua kichwa. Hapo ndipo alipoharibu, maana mama yake hapendi kujibiwa na kisogo.

"Hooyo, Masalani ni mbali. Hata kwa gari ni safari."

"Kwani sauti hupanda gari?"

Murithi, fundi wa umeme, alikuwa ameketi juu ya ndoo akichuna waya kwa meno. Akacheka mpaka waya ukamtoka mdomoni. Arbia akamgeukia, akaacha Kisomali, akaingia na Kiswahili chake cha sokoni.

"Na wewe Muriti, wacha kucheka. Wewe ndio naleta hii fitu ya umeme kwa nyumba yangu. Mchele ya harusi iko wabi?"

Kicheko kikakatika. Wanaume wawili wakatazamana, kisha wote wawili, bila kupenda, wakaangalia lile sanduku.

"Uko salama, mama," Murithi akasema. "Unapimwa tu."

Ukweli ni kwamba mchele wote wa harusi ulikuwa ndani ya sanduku. Gelle hana habari na hesabu za kujumlisha na kugawanya. Akitaka kujua tumbo la sanduku linabeba kiasi gani, analijaza kitu, halafu anakichota na kukipima kwa mitungi ya maji, ile ya lita ishirini kila mtu anaijua. Siku zote hutumia mchanga mkavu wa laga, ile mito ya msimu. Lakini mvua ilikuwa imenyesha huko juu, laga zimelowa, na mchele ulikuwa pale jikoni, mkavu, mwingi, umekaa bila kazi. Mtu angefanya nini?

Usimhukumu kabla hujamjua. Huyu Gelle ni mtu mrefu, mwembamba, wa makamo sasa, ndevu amezitia hina mwaka huu na hazijamzoea. Marehemu baba yake, Abdisalam, alikuwa akichonga kengele za mbao za ngamia huko Hadado. Kila kengele aliigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akasikiliza. Yenye sauti nzuri alimpa mwenye ngamia. Yenye sauti butu alisema ina mafua, akaitupa motoni. Gelle hakurithi ngamia hata mmoja, lakini alirithi kile kifundo. Anagonga kila kitu. Anagonga tikiti maji, milango, matangi, kaunta za ofisi za serikali mpaka makarani wanadhani anawaita. Siku aliyokwenda kuposa, wazee wamekaa, maneno matamu yamefika katikati, yeye akagonga meza ya baba mkwe na kusema, "Hii imeliwa na mchwa ndani." Mazungumzo yakasimama. Wakaipindua meza, mchwa wakamwagika juu ya mkeka. Alipewa binti wa watu, ndiyo, lakini mpaka leo baba mkwe akimkaribisha humwekea chai nje.

Sanduku lake la kwanza la muziki alilitengeneza akiwa kijana, kwa kulitoboa sanduku la nguo la mama yake, lile aliloolewa nalo. Alitia spika mbili za gari lililokufa. Arbia aliporudi kutoka sokoni akakuta mashuka yake ya arusi yako juu ya mti na sanduku linaimba. Gelle alipigwa siku hiyo huku sanduku likiendelea kuimba, maana hakupewa nafasi ya kulizima. Anasema alilia, lakini masikio yake yalikuwa yanafurahi.

Kutoka hapo hakuna aliyemzuia. Alitengeneza milango na vitanda vya maharusi huko Soko Mugdi, kisha vijana wa mjini wakaanza kumletea magari yao. Wanataka besi. Wanataka gari likipita, kioo cha nyuma kitetemeke na wasichana wageuke. Murithi akawa anatia wufa, yaani spika ya besi, na waya, Gelle anatengeneza sanduku. Huyu Murithi alitoka Meru akaja Garissa kwa wiki mbili tu, kufunga taa kwenye duka la mtu. Sasa watoto wake wanaota ndoto kwa Kisomali.

Lakini sanduku hili la mchele halikuwa la gari. Lilikuwa la Arbia mwenyewe, ingawa ndiye aliyekuwa akilitukana.

Arbia ni mpigaji wa durbaan. Harusini kwetu wanawake hukaa upande wao, wanaimba buraanbur, yaani mashairi yao ya kusifu watu na koo, mmoja anaingia katikati anacheza, wengine wanapiga makofi, na durbaan ndiyo ngoma inayowashika wote mkono. Kwa miaka mingi, Garissa nzima ikitaka harusi inoge, ilikuja kumtafuta Arbia. Alikuwa akipiga, watu wanaopita barabarani na punda wao wanabadilisha mwendo bila kujua, pamoja na punda.

Siku hizi viungo vya vidole vyake vimevimba kama tangawizi. Chupa ya soda anafunguliwa. Na durbaan akiipiga, sauti inafika safu ya tatu ya viti, inakaa hapo, inapumzika. Kwenye harusi ya mwisho wasichana wa nyuma walikuwa wanaangalia simu. Kisha mtu, haijulikani nani, akawasha muziki wa kinanda juu ya ngoma yake. Arbia akaifunga durbaan kwenye shuka, akarudi nyumbani.

Sasa elewa. Arbia akilalamika, mambo ni sawa. Arbia akinyamaza, ni kama jenereta ya mtaa kuzimika: kila mtu anatoka nje kuangalia kumetokea nini. Alinyamaza siku nzima. Halafu akasema neno moja tu, kwa upole, na upole wenyewe ukamtisha Gelle kuliko fimbo.

"Harusi ya Roda ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo hii durbaan mbuzi wailalie."

Roda ni binti wa Lul, dada yake Gelle. Anaolewa na Abdiwahab, wa watu wa Hadado. Na wanawake wa Hadado wana sauti, usicheze. Zaidi ya sauti, habari zilikuja kwamba wamekodi spika ndefu kama watu wazima, na wanakuja na ngoma mbili. Gelle akaiona picha yote: mama yake amekaa katikati ya ukumbi, anapiga, midomo ya watu inacheka kwa adabu, na ngoma haisikiki. Akaondoka pale, akaenda kuigonga durbaan kwa kifundo, akasikiliza. Haikuwa na mafua. Mikono ndiyo ilichoka, ngoma ilikuwa nzima.

"Murithi," alimwambia kesho yake, macho yamewaka kama mtu aliyeona mvua, "tunatia kipaza sauti kwenye durbaan, na tunaitengenezea sanduku lake. Lake peke yake. Si la kunguruma. La kupiga."

"Tofauti ni nini?"

"Simba ananguruma. Punda anapiga."

Murithi alifikiria teke la punda, akaelewa.

Sanduku la kwanza la durbaan lilinguruma. Hilo ndilo lililomkosesha ng'ombe wa Masalani hamu ya dunia. Ulikuwa ukiligusa kwa dum moja, linasema dumuuuuu mpaka unasahau ulitaka nini. Gelle akalibomoa, akaanza la pili, kwa Arbia jeneza lile lile, lenye tumbo kubwa zaidi, na hapo ndipo mchele ulipoingia kazini.

Alikuwa na furaha ya ajabu siku zile. Alikula amesimama. Alichagua plaiwudi nene, akagundisha mbili pamoja. Zile mbao za unga wa msumeno alizikataa, anasema unyevu wa mto Tana ukizifikia zinafura kama mandazi. Akakata duara la wufa kwa msumeno wa jigso polepole, ulimi nje, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Ndani akatia mbavu za mbao ili ubao usitetemeke ovyo. Chini ya wufa akatoboa tundu la pumzi, akatia kipande cha bomba la maji, nene la kuingiza ngumi. Kila kiungo gundi, skrubu, kisha silikoni, kwa sababu upepo ukipata njia ya wizi, besi inatoka nao. Mwisho akalijaza pamba ya mito.

"Pamba ya nini?" Murithi aliuliza, maana mto ulikuwa wake.

"Inalituliza. Bila pamba litapiga kelele za pipa. Kila fundi anajua hivyo."

Siku ya kujaribu, likatoa mlio mbaya. Zzzz, kama nzi ndani ya kopo. Gelle akabandika sikio kila pembe. Akakaza skrubu zote. Akazifungua, akazikaza tena. Zzzz. Alikaribia kulia. Akamwambia Murithi azunguke upande wa pili alishikilie, na Murithi alipozunguka, zzzz ikazunguka naye.

"Toa funguo mfukoni," Gelle akasema.

Murithi akatoa funguo. Zzzz ikaisha. Wakakumbatiana pale uani kama watu waliopata mtoto.

Ikabaki durbaan yenyewe, na Arbia alikuwa ameapa hataigusa mpaka harusi. Gelle hakumbembeleza. Alichukua ngoma, kipaza sauti kidogo amekwisha kukibandika ukingoni, akaketi mlangoni pa jikoni, mama yake akiwa anachagua vumbi la mbao kutoka kwenye mchele, akaanza kuipiga. Aliipiga vibaya kwa makusudi, kama mtu anayefukuza paka juu ya bati.

"Wacha," Arbia akasema.

Gelle akaongeza.

"Gelle, hiyo ni ngozi ya mnyama aliyekufa kwa heshima."

Gelle akaingiza na wimbo, na sauti yake ni ya bawaba yenye kutu.

"Lete hapa, shetani wewe!" Akamnyang'anya, akaipakata. "Hivi! Hivi ndivyo! Baba yako angekuona angeomba nimzalie mwingine!" Na vidole vyake vya tangawizi vikashuka juu ya ngozi.

Nyuma ya ukuta Murithi akageuza kitufe.

Lile sanduku likajibu. Halikunguruma. Lilipiga teke moja safi, kifuani, likanyamaza. Mchele kwenye ungo ukaruka, ukatua. Arbia akasimamisha mkono hewani. Akautazama huo mkono kama wa mtu mwingine. Akagusa ngozi kwa vidole viwili tu, polepole, na uani pakapigwa tena, teke lingine.

"Nani anapiga?" akauliza.

"Wewe, hooyo."

Arbia akainuka, akalizunguka sanduku, akainama, akaingiza pua kwenye tundu la pumzi, akavuta. Akakunja uso.

"Linanuka gundi."

"Itaisha, hooyo."

"Chombo kikinuka hivi mimi sitii kitu ndani."

"Hutii kitu, hooyo. Ni sauti tu inapita."

"Hata maziwa yanapita tu," Arbia akasema, akaenda zake. Na Gelle, kwa furaha yake, akasahau maneno hayo mara moja. Angekuwa mwerevu angeyaweka mfukoni.

Siku ya harusi ukumbi ulikuwa umepambwa mpaka nguzo zimevalishwa. Asubuhi wanaume waliruhusiwa kuingia kufunga vyombo. Baada ya hapo ukumbi ni wa wanawake, mwanamume ni marufuku, hata awe ndiye aliyeujenga. Gelle alilijua hilo tangu mwanzo na lilikuwa linamla roho: sanduku lake zuri kuliko yote lingepiga mahali ambapo yeye haruhusiwi kukaa. Kwa hiyo akamfundisha dada yake Lul kile kitufe.

"Hapa ni chini. Hapa ni katikati. Hapa nyekundu, usifike."

"Nikifika?"

"Harusi itahamia uwanjani."

Kila kitu kikakaa sawa. Gelle na Murithi wakatoka kidogo kutafuta waya mrefu zaidi. Walichelewa kama watu wanavyochelewa Garissa, unasalimia mmoja, unasalimiwa na sita. Walipokuwa wanarudi, Murithi akanusa hewa.

"Mama ananukia vizuri leo."

Ilikuwa harufu ya uunsi, ubani wetu wa nyumbani, ule unaotiwa sukari na manukato na kuchomwa juu ya makaa. Harufu ya harusi, hakuna ubaya. Lakini ndani yake kulikuwa na harufu nyingine. Harufu ya mto wa Murithi.

Gelle akakimbia.

Ukumbini, Arbia na rafiki yake Fowsiya walikuwa wamelishika sanduku huku na huku, wanalilaza upande huu, wanaliinua, wanalilaza upande ule. Tundu la pumzi limezibwa kwa kitambaa. Na pande zote za wufa, moshi ulikuwa unatoka taratibu, kama mzee anayevuta sigara na kufikiria mambo.

"Hooyo! Mnafanya nini?"

"Tunalifukiza," Arbia akasema, jasho linamtoka. "Shika hapo, ni zito. Chombo cha maziwa kikiwa kipya unatia kaa la moto ndani, unafunika, unatingisha. Harufu mbaya inatoka, kinakuwa kitamu. Nimefanya hivi tangu kabla hujazaliwa. Uunsi nimeuongeza kwa sababu ni harusi."

"Kuna pamba ndani!"

Fowsiya akaachilia upande wake. "Pamba? Ndani ya chombo? Nani anatia pamba ndani ya chombo?"

Gelle alikuwa tayari amelala kifudifudi na bisibisi. Skrubu zilikuwa zinamchoma vidole. Akang'oa wufa, moshi ukampiga usoni, akaingiza koleo la makaa na kuanza kuvuta pamba nje, vipande vyeusi vyenye kingo nyekundu, Murithi anavikanyaga kwa viatu vyake vipya. Mtu akaja na ndoo ya maji.

"Maji hapana!" wakapiga kelele wote wawili.

Pamba yote ikaisha, nusu imeungua, nusu imekanyagwa. Makaa yakachotwa. Wufa, kwa rehema ya Mungu, ilikuwa imeungua kidogo tu ukingoni. Ndani ya sanduku, ubao ulikuwa umegeuka mweusi, unang'aa, kama tumbo la chombo cha maziwa cha bibi.

Na hapo, getini, vigelegele vikalipuka. Wanawake wa Hadado wamefika, na wanashusha spika zao ndefu.

Arbia akasikia vile vigelegele. Akaliangalia sanduku lililo wazi, akamwangalia mwanawe aliyejaa masizi mpaka kwenye ile hina. Akaketi kwenye kiti. Akaiweka durbaan mapajani na mikono yake juu yake, tuli kabisa.

"Hoteli iko hapo," Murithi akanong'ona. "Nikimbie nikatoe mito?"

"Hakuna wakati."

"Bila pamba ulisema litakuwa pipa."

"Najua nilisema nini."

Lul alikuwa mlangoni. "Gelle, wanaingia. Toka!"

Gelle akagonga sanduku. Mara moja, kwa kifundo. Akainamisha kichwa. Akagonga tena, chini kidogo, akashika pumzi. Akamtazama mama yake na ile durbaan mapajani. Ngoma nayo, ndani ina nini? Haina pamba. Haina kitu. Akarudisha wufa mahali pake, skrubu moja, ya pili, zote, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika, na Murithi anasema alikuwa kama mtu anayezuia kicheko msikitini.

"Lul, kitufe katikati. Usikiguse tena."

Wakatokea mlango wa nyuma, vigelegele vikiingilia mlango wa mbele.

Kuanzia hapo Gelle hakuona kitu. Alisimama nje na wanaume, akaegemea ukuta wa ukumbi, kiganja kimebandikwa kwenye saruji. Ndani wa Hadado walianza. Spika zao zilikuwa na nguvu, Mungu ni shahidi, ngoma mbili zikaruka juu ya ukuta, mashairi yakafuata, wakamsifu Abdiwahab na babu yake na kisima cha babu yake. Mzee Awil, ami yake bwana arusi, alikuwa kwenye kiti chini ya turubai, akatikisa kichwa kwa raha.

"Wasikie hao. Garissa mna nini cha kujibu?"

Ngoma za Hadado zikapumzika. Pakawa kimya kwa muda ambao ulitosha mtu kuzeeka.

Halafu ukuta ukampiga kiganjani.

Teke moja. Likanyamaza. Teke lingine. Halikuwa pipa. Lilikuwa refu kidogo kuliko lile la uani, la mviringo zaidi, lina joto ndani yake, kama ngoma iliyopigwa ndani ya kisima kikavu. Mifuniko ya masufuria ya pilau ikaanza kucheza, mpishi akairukia kuishika. Vumbi likainuka kutoka juu ya turubai. Na sauti ya Arbia ikapanda juu ya yote, kavu, kali, ikamsifu Roda, ikamsifu mama wa Roda, kisha ikawageukia Hadado kwa utani mmoja wa kisima chao, na wanawake wote, wa huku na wa kule, wakapasuka kwa vicheko na vigelegele pamoja. Miguu ikaanza kucheza, Gelle aliihisi kwenye nyayo, mamia ya miguu, yote imeshikwa mkono.

"Anapiga!" alimshika Murithi mabega, anamtingisha. "Unasikia? Anapiga! Wallahi anapiga!"

"Nasikia, bwana, niachie shingo!"

Mzee Awil alikuwa amesimama. "Ni nani huyo? Huyo lazima ni mwanamke kama ngamia."

"Huyo," Murithi akasema, "chupa ya soda anafunguliwa."

Ngoma za Hadado zilijaribu tena mara moja. Baadaye zikaacha kujibu, zikajiunga, na mchana wote ukumbi ukaenda kwa mkono wa yule mama. Jua lilipoanza kushuka, wanawake wakatoka jasho linawamwagika, mitandio begani, na mmoja wa Hadado akauliza mlangoni ni fundi gani anayetengeneza sanduku lenye harufu nzuri namna ile.

Swali hilo likamfikia Arbia kabla ya kumfikia Gelle. Basi.

Gelle alipoingia kufungua vyombo, mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha bibi arusi, durbaan mapajani, mashavu yanang'aa kama msichana, Fowsiya na Lul wamemzunguka.

"Umesikia?"

"Nimesikia, hooyo."

"Moshi wangu," Arbia akasema.

"Hooyo..."

"Pamba yako ilikuwa imelikaba koo. Mimi nimelifungua. Fowsiya shahidi. Na tena nimepigiwa simu kutoka Masalani sasa hivi: ng'ombe mweusi amekubali dume. Leo! Siku ile ile! Utaniambia ni plaiwudi?"

Murithi akageukia ukuta, mabega yanatikisika.

"Na mbuzi je?" Fowsiya akachokoza. "Si uliwaahidi durbaan wailalie?"

"Wana miguu, wasimame." Arbia akainua kile kidole kilichovimba, akakielekeza kwenye pua ya mwanawe. "Kuanzia leo kila sanduku lako litapita kwangu nilifukize kabla hujaliwekea hiyo spika. Watu wameshauliza. Sasa sema hapa mbele ya mashahidi. Ni ubao wako au ni moshi wangu?"

Gelle akalitazama sanduku. Akaligonga kwa kifundo, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda. Akainama karibu na tundu la pumzi, akavuta hewa. Kisha akachomeka bisibisi mfukoni, akavaa ndala zake, akaanza kuondoka, anagonga viti alivyovipita, anagonga nguzo zilizovalishwa, anagonga geti.

"Gelle! Nimekuuliza swali!"